Ndege ndogo ikipatwa na dharura usiku: Kazi ya rubani angani na wajibu wa mkazi aliye chini

Saa tatu usiku, mlio wa ndege ndogo unasikika juu ya kijiji. Inazunguka mara moja, kisha mara ya pili, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima. Watoto wanatoka nje kutazama na wazee wanaulizana ni ndege ya nani na inatafuta nini. Kwa walio chini huo ni mlio tu. Kwa aliyeshika usukani, huenda hizo ndizo dakika chache zilizobaki za kuamua atatua wapi, na kwa mgonjwa aliyelala nyuma yake, ndizo dakika za uhai wake.

Wakazi wengi huamini kwamba ndege ikipata hitilafu angani, hasa gizani, basi yote yamekwisha. Sivyo. Ndege ndogo iliyozimika injini haidondoki kama jiwe, na rubani aliyefunzwa ana hatua anazozifuata moja baada ya nyingine. Lakini mafanikio ya hatua hizo hutegemea pia hali ya kiwanja anachokikimbilia: je, kiko wazi, kina mwanga, na waliokizunguka wanajua la kufanya? Makala haya yanaeleza pande zote mbili.

Kwa nini ndege ndogo iruke usiku?

Nchini Kenya jua huzama takriban saa kumi na mbili unusu jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Viwanja vingi vidogo havina taa wala mnara wa kuongozea ndege. Kwa sababu hiyo, rubani anayeongozwa na macho yake kwa kawaida hutakiwa awe ametua kabla ya usiku kuingia, isipokuwa awe na idhini na ndege yenye vifaa vinavyofaa.

Hata hivyo, zipo safari ambazo haziwezi kungoja asubuhi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeumwa na nyoka, au majeruhi wa ajali ya barabarani wanaweza kuwa mamia ya kilomita kutoka kwa daktari wa upasuaji. Huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege katika Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1957, na ndege za Amref Flying Doctors bado huondoka Uwanja wa Wilson jijini Nairobi kufuata wagonjwa wa aina hiyo.

Kuna pia safari zinazoingia usiku bila kupangwa. Abiria wamechelewa kufika, mvua imefunga njia, au upepo wa mbele umepunguza mwendo. Dharura nyingi za usiku huanza hivyo mchana, kwa kucheleweshwa kidogo kidogo. Ndiyo maana rubani makini hukataa kuondoka akiona hesabu ya saa haimtoshi. Abiria anayemshinikiza aondoke tu kwa kuwa amelipa nauli anajitafutia hatari mwenyewe.

Mambo matatu, kwa mpangilio

Kila rubani, awe wa ndege ya viti vinne au ya viti mia tatu, hufundishwa utaratibu mmoja wa dharura. Kwanza, aidhibiti ndege. Pili, ajue alipo na anakoelekea. Tatu, ndipo azungumze na walio chini.

Mpangilio huo una sababu. Rubani anayekimbilia redio kabla ya kusawazisha mabawa na mwendo wa ndege anaweza kuanguka huku akiendelea kueleza shida yake. Aliye chini hawezi kumshikia usukani. Kwa hiyo abiria wasishangae wakimwona rubani yuko kimya katika sekunde za kwanza. Anafanya kazi iliyo muhimu zaidi, na kumpigia kelele au kumshika bega ni kumwondolea umakini.

Ndege ikishatulia, rubani hutamka neno "Mayday" mara tatu. Neno hilo limetokana na Kifaransa na maana yake ni "nisaidieni". Baada yake hutaja jina la ndege, tatizo, mahali alipo, kimo chake, anachokusudia kufanya na idadi ya watu waliomo. Kama hana mawasiliano na kituo chochote, hutumia masafa ya 121.5, ambayo yametengwa kwa dharura duniani kote. Pia huweka namba 7700 kwenye kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada, na waongozaji wa safari za ndege huona mara moja kwamba chombo hicho kiko mashakani.

Injini ikizima

Ndege ndogo aina ya Cessna 172, inayotumika sana kufundishia marubani, inaweza kuelea bila injini kwa umbali wa takriban mara tisa ya kimo chake. Ikiwa futi 5,000 juu ya ardhi, yaani kama mita 1,500, inaweza kwenda karibu kilomita 13 kama hakuna upepo wa kuipinga. Safari hiyo huchukua kama dakika saba. Dakika saba si nyingi, lakini zinatosha kwa aliyejiandaa.

Katika dakika hizo rubani huweka mwendo unaoipeleka ndege mbali zaidi, kisha huielekeza mahali pa kutua. Akiwa njiani hujaribu kuiwasha injini tena. Hukagua kama mafuta yamekwisha upande mmoja na kuhamia tangi la pili, huwasha pampu ya mafuta, na hukagua swichi za kuwashia. Mara nyingi chanzo ni kidogo: tangi lililosahauliwa, au barafu iliyoganda kwenye njia ya hewa ya injini hata katika nchi ya joto.

Usiku tofauti kubwa ni kwamba haoni ardhi. Barabara kuu yenye magari huonekana vizuri, lakini ina nyaya za umeme, nguzo na watu. Sehemu nyeusi inaweza kuwa shamba tambarare, na inaweza pia kuwa bwawa au mlima. Ndiyo sababu rubani wa usiku hupanga njia yake ipite karibu na viwanja anavyovijua, huruka juu zaidi kuliko mchana, na hubeba mafuta ya ziada. Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi ni mafuta ya akiba ya dakika 45 baada ya kufika mwisho wa safari.

Ikiwa hakuna kiwanja cha kufikika, hutua kuelekea upepo unakotoka, kwa mwendo wa chini kabisa anaoweza kuudhibiti. Kabla ya kugusa ardhi hufunga mafuta, huzima umeme na hufungua kidogo mlango ili usije ukakwama. Abiria huambiwa wakaze mikanda, waondoe kalamu na miwani, na wainamishe vichwa.

Umeme ukikatika

Ndani ya ndege kukiwa giza ghafla, abiria wengi hudhani injini nayo itazima. Katika ndege nyingi ndogo za injini ya petroli, cheche za kuchoma mafuta hutengenezwa na vifaa vya sumaku vinavyozungushwa na injini yenyewe. Kwa hiyo umeme ukikatika, injini huendelea kunguruma.

Kinachopotea ni taa, redio na baadhi ya vipimo. Rubani huzima kila kisichohitajika ili betri idumu, kwani inaweza kubakiza nusu saa tu au chini ya hapo. Kisha hutoa tochi, ambayo kila anayeruka usiku anapaswa kuwa nayo karibu na mkono, si ndani ya mkoba nyuma ya kiti. Akifika kwenye uwanja wenye mnara na redio haifanyi kazi, waongozaji humwelekeza kwa taa maalumu. Kijani isiyopepesa humruhusu kutua. Nyekundu isiyopepesa humwambia aipishe ndege nyingine na aendelee kuzunguka.

Mwili unapodanganya

Hatari nyingine ya usiku haisikiki wala haionekani. Binadamu hujua juu na chini kwa msaada wa macho na maji yaliyo ndani ya sikio. Gizani, bila nyota wala taa za mji, macho hukosa pa kushika, na maji ya sikio hudanganywa na mizunguko ya ndege. Rubani anaweza kuhisi ananyooka kumbe anapinda na kushuka.

Mfano unaojulikana sana ni wa John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999 alikuwa akirusha ndege yake ndogo juu ya bahari kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Hewa ilikuwa na utusitusi na upeo haukuonekana. Ndege ilianguka baharini, na yeye, mkewe na shemeji yake wakafariki. Wachunguzi hawakupata hitilafu ya chombo. Walihitimisha kwamba rubani alishindwa kuidhibiti ndege kwa sababu alipotewa na hisia ya uelekeo gizani.

Dawa ya hali hiyo ni moja: rubani aamini vipimo vilivyo mbele yake, asiamini mwili wake. Hilo huhitaji mafunzo na mazoezi ya mara kwa mara. Hata anayekaribia kutua hayuko salama bado. Kiwanja chenye taa kikizungukwa na giza totoro humfanya rubani aone kana kwamba yuko juu sana, akashuka mapema na kugonga miti au kilima kabla ya kufika.

Rubani mwenyewe akizidiwa

Je, ikiwa anayepatwa na dharura ni rubani? Jioni ya tarehe 8 Oktoba 2013, ndege ndogo ya Cessna ilikuwa ikirudi kutoka matembezi ya siku moja mashariki mwa Uingereza. Ndani yake walikuwamo watu wawili, rubani na rafiki yake mwenye umri wa miaka 77 ambaye hakuwa amewahi kurusha ndege. Rubani akaishiwa nguvu ghafla. Rafiki akashika redio na kuomba msaada.

Wakufunzi wa urubani waliitwa haraka kwenye Uwanja wa Humberside, na helikopta ya jeshi ikaruka karibu naye kumwongoza. Giza lilikuwa limeshaingia na mzee huyo hakujua swichi ya taa iko wapi. Kwa sauti ya utulivu, wakufunzi walimwambia ashike nini, apunguze nini na atazame wapi. Alijaribu kutua mara tatu akashindwa. Mara ya nne magurudumu yaligusa ardhi kwa kishindo, cheche zikaruka, na ndege ikasimama. Rubani alifariki, lakini rafiki yake alitoka mzima.

Tukio hilo lina mafunzo mawili kwa yeyote anayepanda ndege ndogo. La kwanza, aliyeketi mbele ajifunze kabla ya safari jinsi ya kubonyeza kitufe cha redio na kuzungumza. La pili, walioko chini waliokoa maisha kwa kuwa watulivu, kwa kuwasha taa za uwanja, na kwa kuwaachia nafasi wanaojua kazi. Hilo la pili linamhusu kila mkazi anayeishi karibu na kiwanja cha ndege.

Kiwanja ni cha jamii nzima

Katika maeneo mengi, kiwanja kidogo cha murami hugeuzwa njia ya mifugo, uwanja wa mpira au mahali pa kuanikia mahindi. Mchana rubani huweza kupita chini akafukuza ng'ombe kwa mlio. Usiku hawaoni. Mifugo na wanyamapori nao hupenda kulala kwenye ardhi iliyo wazi yenye joto la mchana. Ndege inayotua kwa kilomita zaidi ya 100 kwa saa ikimgonga punda mmoja, waliomo ndani wanaweza kupoteza maisha.

Wakazi wanaombwa kuzingatia haya:

- Mifugo isilale wala kufungwa ndani ya kiwanja. Ua uliobomoka uripotiwe kwa chifu au msimamizi wa kiwanja.
- Mawe, magogo na mazao yaliyoanikwa yaondolewe kila siku kabla ya jioni. Mashimo yaripotiwe, yasingojwe hadi ndege ije.
- Nguzo, milingoti na nyumba zisijengwe kwenye njia ya kupaa na kutua bila idhini.
- Taa, nyaya na kitambaa cha kuonyesha upepo visiibwe. Taa moja ya sola iliyong'olewa ili kuangaza duka inaweza kuwa ndiyo aliyoitegemea rubani.
- Watoto wasielekeze tochi za leza angani. Mwanga huo humpofusha rubani kwa muda, na macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza tena.

Ndege ikiomba kutua usiku

Rubani asiyetarajiwa akizunguka chini juu ya kijiji gizani, hatua ya kwanza ni kupiga simu polisi kwa namba 999 au 112 na kumjulisha chifu na msimamizi wa kiwanja. Mkazi asiwashe mioto kwa kubahatisha. Msururu wa taa usio kwenye kiwanja unaweza kumfanya rubani aamini kwamba hapo ndipo pa kutua.

Ikiwa polisi, wahudumu wa afya au msimamizi wa kiwanja wamethibitisha kwamba ndege inakuja na wameomba msaada wa mwanga, kazi ifanywe chini ya mtu mmoja anayetoa amri. Kwanza, gari lipite kiwanja kizima polepole na kuhakikisha hakuna mtu wala mnyama. Kisha taa zipangwe nje ya kingo mbili za njia, zikitazamana, kwa nafasi zinazolingana. Katika viwanja rasmi vya aina hii, nafasi kati ya taa na taa haizidi mita 100. Taa za pembeni huwa nyeupe, za mwanzo wa njia kijani, na za mwisho nyekundu.

Magari yakitumika, yasimame mwanzoni mwa njia, nje ya ukingo, yakimulika kuelekea upande ule ule ndege inakokwenda. Gari lisimulike kamwe kuelekea kwa rubani anayekuja. Mwishoni mwa njia, gari moja lililosimama pembeni likiwa limegeuza nyuma linaweza kuonyesha taa zake nyekundu. Watu wengine wote, pamoja na bodaboda, wakae mbali na njia. Hamu ya kutazama imewahi kuwaponza watu wengi kuliko hofu.

Ndege ikishatua, asisogee mtu hadi rafadha isimame kabisa na rubani atoe ishara. Rafadha inayozunguka gizani haionekani. Wanaombeba mgonjwa wafuate maelekezo ya wahudumu, na wasipite mbele ya ndege hata kama injini imezimwa.

Ndege ikianguka

Anayeshuhudia ajali apige simu 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199. Ataje jina la mahali, alama inayojulikana karibu, saa, na njia ambayo gari linaweza kupita. Ndege nyingi hubeba kifaa kinachotuma ishara kwa setilaiti baada ya mshtuko, lakini taarifa ya mtu aliyeona kwa macho huokoa muda mwingi.

Anayekwenda kuokoa akaribie kutoka upande upepo unakotokea, ili moshi na mvuke wa mafuta visimfikie. Asibebe koroboi, mwenge, sigara wala kitu chochote chenye moto. Atumie tochi. Kama hakuna moto, majeruhi wasivutwe ovyo, kwa kuwa shingo na mgongo vinaweza kuwa vimevunjika. Kama kuna moto au harufu kali ya mafuta, watolewe haraka na wapelekwe mbali. Baadhi ya ndege ndogo hubeba mwavuli mkubwa unaofyatuliwa kwa roketi, hivyo mkazi asivute waya wala kishikizo asichokijua.

Mafuta yaliyomwagika yasichotwe kwa hali yoyote. Wakenya hawajasahau Sachang'wan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa lori la mafuta lilipolipuka huku wakichota. Mafuta ya ndege hayana huruma zaidi ya yale ya lori.

Mwisho, vipande vya ndege visihamishwe wala kuchukuliwa. Kwa wachunguzi, kila kipande na mahali kilipoangukia ni ushahidi wa kueleza kilichotokea, na maelezo hayo ndiyo huzuia ajali nyingine. Picha za marehemu na majeruhi zisisambazwe kwenye simu. Jamaa zao hawastahili kupata habari kwa njia hiyo.

Maandalizi hufanywa mchana

Rubani aliyetua salama usiku aliandaa safari yake kungali na mwanga: alipima mafuta, akaweka tochi mkononi, akapanga njia yenye viwanja. Vivyo hivyo, kijiji kinachookoa maisha usiku ni kile kilichokubaliana mchana. Wakazi wanaoishi karibu na viwanja vya ndege wanahimizwa kulijadili suala hili katika baraza lijalo la chifu na vikao vya Nyumba Kumi: nani ana namba za simu za msimamizi wa kiwanja na za kituo cha afya, nani atakagua njia, gari la nani linapatikana usiku, na mifugo italazwa wapi. Maswali hayo yakishajibiwa, mlio wa ndege usiku utawakuta wakazi tayari.